Glavu Kumi na Mbili

Daktari yule alikuja kwetu na jalada la kurasa mia moja na nne, na alilibeba jinsi mtu anavyobeba mtoto mchanga, mkono mmoja chini na mwingine shingoni. Ndani mlikuwa na itifaki ya utafiti wake: nani aingie, nani asiingie, apimwe lini, apimwe na nani, na likitokea hili lifanywe lile. Ukimuuliza chochote, hata kama ameshakunywa chai, alifungua jalada kwanza. Siku ya tatu wagonjwa walishambandika jina la Itifaki. Yeye alidhani wanamheshimu, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumtoa kwenye raha hiyo.

Mimi ni muuguzi wa chumba cha dripu, idara ya saratani. Nimekaa humo miaka kumi na tisa. Chumba kina viti kumi na viwili vya kuegemea, sita upande huu na sita upande ule, vinatazamana, na meza yangu iko mwisho karibu na friza. Madaktari wanafunzi nimewaona wa kila aina. Wengi nimewafundisha kutafuta mshipa huku wenyewe wakiamini kwamba wananifundisha mimi. Kwa hiyo jalada la Itifaki halikunitisha, ingawa nilikiri moyoni kwamba lilikuwa zito.

Bila utafiti ule asingepata ubingwa. Ukiharibika, anarudia mwaka mzima, kwa maana utafiti wa kwanza aliouanza ulikuwa umeshakufa kwa kukosa wagonjwa. Hayo tuliyajua sote, kwa sababu mama yake mzazi alikuwa ameipata namba ya simu ya idara, usituulize kutoka wapi, na kila Ijumaa saa nne alipiga kuuliza kama kijana wake ameshamaliza "ule utafutaji". Majirani walikuwa wameshaambiwa. Mkwe alikuwa ameshaambiwa. Ilibaki Itifaki tu kuambiwa.

Utafiti wenyewe haukuwa mgumu kuuelewa. Kuna dawa tunayoitoa kila wiki kwa wiki kumi na mbili. Inapambana vizuri na uvimbe, lakini ina tabia moja mbaya: inaua hisia za vidole. Mgonjwa huanza kwa kuhisi kama anachomwachomwa, kisha ganzi, kisha siku moja anashindwa kushika sindano au kijiko. Wengine hupona miezi ikipita, wengine hukaa nayo maisha. Swali la Itifaki lilikuwa hili: mgonjwa akivaa glavu zilizolala kwenye friza wakati dawa inaingia mwilini, baridi ikaibana mishipa ya vidole, je, vidole vitasalimika? Wagonjwa kumi na wawili wangepiga kura. Sita wangevaa, sita wasivae, na kila mmoja angejua upande wake kwa kufungua bahasha iliyofungwa na karani wa takwimu.

Wa kwanza alikuwa Fundi, mshonaji wa sare za shule na magauni ya harusi, mama wa miaka arobaini na mmoja mwenye ulimi unaokata kuliko mkasi wake. Itifaki alimketisha, akamsomea fomu ya ridhaa neno kwa neno, akafika mahali pa kumweleza kwa nini ni lazima ipigwe kura.

"Ni kwa sababu hatujui kama glavu zinasaidia," akasema.

"Yaani hata wewe hujui?"

"Hata mimi."

"Na Profesa?"

"Naye hajui."

Fundi akanigeukia. "Sista, nauli yote hii nimekuja kutafuta watu wasiojua?"

Lakini alitia saini, maana alimpenda kijana kwa kusema ukweli. Itifaki akafungua bahasha. Ndani mliandikwa: bila glavu. Basi ungemwona! Mabega yalimshuka, mdomo ukamshuka, nikadhani na jalada litashuka.

Fundi akamtazama kwa makini. "Daktari," akasema, "kama kweli hujui, mbona uso umekushuka hivyo?"

Itifaki akafungua jalada. Nilimwacha apekue, nikijua kwamba ukurasa wa hilo haumo.

Profesa alikuwa amesimama mlangoni. Huyu ni mkuu wa idara yetu, mwanamke mfupi, sauti ya chini, na wagonjwa humwita Mama Ushahidi kwa sababu ukimwambia mvua inanyesha atakuuliza nani kaiona. Alimvuta Itifaki kando, na mimi, kwa kuwa masikio hayana pazia, nilisikia.

"Uso wako umeshapiga kura," akamwambia. "Mtu mwenye uso kama huo hawezi kupima vidole vya mtu ambaye anajua amepata nini. Atapima anachokitamani."

Akapanga upya pale pale. Bahasha zilizobaki nitafungua mimi, muuguzi. Itifaki atapima vidole chumbani kwake, mwisho wa korido, bila kujua nani anavaa na nani havai. Siku za Jumatano, dripu zinapowekwa, asitie mguu chumbani mwangu. Fundi, kwa kuwa ameshajulikana, atapimwa na Profesa mwenyewe. Kisha, wagonjwa walipotimia, akaja akasimama katikati ya viti akawaambia wasimwambie Itifaki jambo lolote linalohusu glavu.

"Hata akiuliza?" Mwalimu akasema. Huyu alikuwa mwalimu mstaafu, bibi wa miaka sitini na mitatu aliyefundisha darasa la kwanza miaka thelathini na moja, na alikuwa amepata bahasha yenye glavu.

"Hata akilia," Mama Ushahidi akajibu.

Wakalichukua neno hilo kama watu waliokula yamini.

Jumatano ya kwanza nilitoa glavu kwenye friza. Zilikuwa nene, za buluu, zimejaa jeli ngumu. Niliwavisha sita waliostahili, nikawafungia dripu wote, kisha nikaenda dirisha la duka la dawa kudai chupa waliyonisahaulia. Nilichelewa kama robo saa hivi, maana yule mfamasia ukimwuliza swali moja anakujibu matatu. Niliporudi, chumba kilikuwa kimya mno. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mimi na viti hivyo tunafahamiana. Nikatazama mkono mmoja mmoja. Kila mtu alikuwa amevaa glavu moja.

Kila mtu! Dereva, mzee wa malori mwenye uvimbe wa pafu, alikuwa anahesabu vigae vya dari. Wengine walijitia hamnazo. Mwalimu ndiye aliyenitazama usoni.

"Sista, tumepiga hesabu," akasema. "Glavu ni kumi na mbili. Watu ni kumi na wawili."

"Mwalimu, haikupangwa hivyo."

"Kumi na mbili kugawanya kwa kumi na wawili ni ngapi?"

"Ni moja, lakini..."

"Basi."

Yeye alikuwa amebakiza ya kushoto. Ya kulia ilikuwa mkononi mwa Fundi, kiti cha jirani. Nilipoitazama, Mwalimu akasema, "Mimi chaki nimeshaiweka chini. Huyu bado anakula kwa mkono huu. Kutoa ni moyo, Sista, usambe ni utajiri."

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo nilipokosea, na sitaki mtu mwingine abebeshwe. Nilijua kabisa inavyotakiwa. Nilitakiwa niwavue glavu wasiostahili, nimwite Profesa, niandike kwenye fomu. Badala yake nilimtazama Fundi, ameufumba ule mkono wa buluu kifuani kama mtu aliyeshika kuku asimtoroke, na nikaona siwezi. Ningemvua vipi? Fomu yangu iliuliza: glavu zimevaliwa kama ilivyopangwa? Nikaweka alama kwenye ndiyo, nikatia saini. Kalamu haikugoma. Nilijiambia ni leo tu.

Wiki ya pili waligawana kabla sijaketi. Wiki ya tatu Dereva alikuwa ameshajiteua mwenyekiti wa glavu, anazipokea kutoka kwangu zote kumi na mbili na kuzigawa mwenyewe kwa haki, nani kulia, nani kushoto. Wanaofanya kazi bado walipata ya kulia. Wastaafu na wale wa mashoto walipata ya kushoto. Ugomvi haukuwepo hata kidogo. Nimeona mirathi zikigawanywa na mahakimu watu wakatoka wanatukanana, lakini glavu zile ziligawanywa na dereva wa lori kila mtu akashukuru. Na mimi nikatia saini wiki baada ya wiki.

Huku mwisho wa korido, Itifaki alikuwa anapima. Nilimwona mara nyingi, maana mimi ndiye niliyekuwa nampelekea wagonjwa kabla ya dripu. Alimfumbisha mtu macho, akamgusa ncha ya kidole kwa uzi mwembamba wa nailoni, akamwuliza ni kidole gani. Kisha alimwekea sahani ya maharage aokote moja moja, mkono huu, halafu mkono ule. Mwisho aliandika alama kwa kila mkono: sifuri ni mzima, moja ni ganzi ndogo, mbili ni ganzi inayosumbua kazi, tatu ni mkono ambao mwenyewe hawezi tena kujihudumia nao. Alipima kwa upole na kwa uangalifu mkubwa. Siwezi kumsema vibaya hapo, ingawa ningependa.

Wiki ya tano alikuja kwenye meza yangu asubuhi, macho yamemtoka.

"Sista, ni mkono mmoja."

"Mkono mmoja wa nani?"

"Wa kila mtu! Nilitegemea nusu yao wawe na ganzi na nusu wawe wazima. Lakini kila mtu ana mkono mmoja mzima na mmoja unaokufa ganzi. Wengine kulia, wengine kushoto. Umewahi kuona kitu kama hicho?"

Nilikuwa nakiona kila Jumatano. Nikamwambia chai inapoa.

Basi akaanza kuchunguza. Alipima shinikizo la damu la mikono yote miwili. Aliuliza dripu inaingilia mkono upi. Aliuliza simu wanashika kwa mkono gani. Alimuuliza Dereva hulalia upande gani, na Dereva akamjibu, "Upande anaoniachia mke wangu." Itifaki akaandika jibu hilo pia, maana hakuna kisichoandikwa. Kisha akamgeukia Mwalimu, kwa heshima, akamwuliza kama yeye mwenyewe anahisi sababu ya tofauti ile ni nini.

"Tulikatazwa kusema, Daktari," Mwalimu akajibu.

"Kusema nini?"

"Ndiyo hicho tulichokatazwa."

Na Itifaki, maskini, akafurahi. Akawasifu wote pale koridoni kwa kulinda siri ya utafiti, akasema angependa wagonjwa wote duniani wawe na nidhamu kama yao. Wale watu wazima wakainamisha vichwa kama watoto wa shule walioficha embe mfukoni. Mimi nilijifanya natafuta kipimajoto.

Wiki ya saba Fundi alinisimulia kisa cha gauni. Alikuwa anashona pindo la bibi harusi, kitambaa cheupe, mkono wa kulia unasukuma sindano na wa kushoto unaongoza nguo. Akaona doa jekundu. Akatafuta limetoka wapi, akadhani mtoto amemwaga kitu. Ilikuwa damu yake. Sindano ilikuwa imemwingia kidole cha kushoto na asijue. Alikisimulia kwa kuigiza, akanionyesha alivyowafokea watoto, tukacheka wote wawili. Kisha akaacha kucheka, akautazama mkono wa kulia, akauchezesha vidole vyote vitano, akasema, "Huu ukienda, Sista, mimi sina kazi nyingine ninayoijua." Nilienda stoo nikakaa juu ya katoni za pamba mpaka nikaona naweza kurudi.

Jumatano ya wiki hiyo hiyo Itifaki alimpelekea Profesa kurasa kumi na moja alizoandika kwa siku tatu. Kichwa chake kilikuwa "Ganzi ya Upande Mmoja: Je, ni Ugonjwa Mpya?" Najua kwa sababu alinipa nisome kwanza, akiwa na aibu na fahari kwa pamoja, na alikuwa ameniweka kwenye orodha ya watu anaowashukuru. Maji yalinifika shingoni. Nikafungua mdomo nimwambie, lakini alikuwa ameshatoka mbio.

Mama Ushahidi alizisoma zote kumi na moja, baadaye Itifaki alinieleza, bila kuinua kichwa. Halafu akafungua droo, akatoa vipimo vya Fundi alivyovipima mwenyewe, akaviweka kando ya vile kumi na moja vya Itifaki.

"Umewahi kusikia dawa inayobagua mikono?" akamwuliza.

"Hapana, Profesa. Ndiyo maana nadhani ni jambo jipya."

"Umepima damu, umepima mishipa, umepima usingizi. Kuna kitu kimoja hujakipima."

"Kipi?"

"Kile chumba."

Nilisikia viatu vyake koridoni, viatu vya mtu asiye na haraka, na nyuma yake viatu vya mtu mwenye haraka anayejizuia. Mlango ukafunguka. Watu kumi na wawili, mikono kumi na miwili ya buluu. Wengi waliganda. Dereva aliingiza mkono chini ya blanketi, lakini kwa kiwewe akaingiza ule usio na glavu, akabaki ameinua wa buluu kama anayeomba ruhusa ya kwenda haja.

"Tangu lini?" Profesa akauliza.

"Tangu siku ya kwanza," Mwalimu akasema.

"Na hamkumwambia daktari?"

"Ulisema hata akilia."

Nilimtazama Itifaki nikidhani ndipo atakapolia. Hakulia. Alikuwa anatembeza macho kiti hadi kiti, midomo inahesabu. Profesa ndiye aliyenigeukia. Nikasimama. Nikasema fomu zote saba nimetia saini mimi, na kwamba wagonjwa hawakujua ni kosa, lakini mimi nilijua. Sauti ilinitoka ndogo kuliko nilivyotaka.

Tulikaa watatu ofisini kwa Profesa mchana ule. Nilitegemea Itifaki anikasirikie, na angekuwa na haki. Lakini macho yalikuwa yanamwaka.

"Profesa, huu ni bora kuliko ule wa bahasha!" akasema. "Kila mgonjwa ana mkono wenye glavu na mkono usio na glavu. Mtu analinganishwa na nafsi yake: umri ule ule, damu ile ile, dozi ile ile. Tukiandika kwamba tulipanga hivi tangu mwanzo, tunaokoa kila kitu."

"Tulipanga?"

"Hapana, lakini..."

"Nani alipanga?"

Itifaki akafungua jalada, akalifunga. "Mwalimu wa darasa la kwanza. Na dereva wa lori."

"Na nani avae kulia, nani kushoto, iliamuliwa kwa kura?"

"Waliamua kwa kuoneana huruma."

"Huruma ni kitu kizuri sana," Mama Ushahidi akasema, "lakini haina bahasha. Mkono uliopewa glavu ndio mkono uliopendwa zaidi, na mkono unaopendwa hutunzwa hata nyumbani." Akamsogezea karatasi nyeupe. "Kamati ya maadili inasubiri maelezo. Barua utaandika wewe. Nikirudi saa kumi nitaisoma."

Akatoka akatuacha. Itifaki akaishika kalamu akaiweka, akaishika tena. Alinong'ona hesabu za mwaka: miezi ya kuandika itifaki mpya, miezi ya kungoja kibali, miezi ya kupata wagonjwa. Akakumbuka kwamba keshokutwa ni Ijumaa na simu italia saa nne. Kusema kweli, barua ya uongo ingeniokoa na mimi. Nami nilikuwa nimebakiza miaka sita kustaafu, na jalada langu la kazi halikuwa na doa.

"Sista," akaniuliza, "wewe ungeandika nini?"

"Usiniulize mimi. Saini yangu umeshaiona."

Akacheka kidogo, cheko la mtu aliyechoka, kisha akainama akaandika. Ilikuwa fupi, mistari kama kumi. Ilisema kilichotokea, kimeanza lini, fomu zipi ni za uongo na zilisainiwa na nani. Alinisomea sehemu yangu kwa sauti na kuniuliza kama kuna mahali amenionea. Hapakuwepo. Nilimwambia tu kwamba cheo changu amekikosea, mimi ni muuguzi mwandamizi, na kama ni kuharibikiwa basi niharibikiwe na cheo changu kamili.

Kamati ilijibu upesi. Mimi nilipata karipio la maandishi, na nilistahili. Utafiti ulifutwa kama utafiti wa kura. Vipimo viendelee mpaka wiki ya kumi na mbili, viandikwe kama mambo yaliyotokea, si kama uthibitisho, na kila kipimo kiwe na shahidi. Wagonjwa waambiwe ukweli wote, na zinunuliwe jozi sita nyingine ili atakaye avae mbili. Itifaki arudie mwaka. Ijumaa ile simu ilipolia aliipokea mwenyewe, akasimama ameupa ukuta uso. "Bado, mama," nilimsikia akisema. "Mwakani. Hapana, sikufeli. Ndiyo, waambie na majirani." Alipokata simu nilimkaribisha kiti changu, kiti ambacho hakuna daktari nimewahi kumpa.

Wiki ya kumi na mbili ikafika. Mimi ndiye niliyekuwa shahidi. Fundi alipimwa mapema: mkono wa kushoto mbili, wa kulia sifuri, akatoka anatwambia tumletee sare za watoto wetu kabla foleni haijawa ndefu. Dereva aliokota maharage yote ya sahani kwa mkono mmoja, akaomba mengine. Wa mwisho alikuwa Mwalimu.

Aliingia amevaa sweta ya kijani, ameifumbata kifuani kwa mkono wa kushoto kwa sababu ya upepo wa korido. Itifaki alimpima mkono huo kwanza. Ulijua kila kidole kilichoguswa na ukaokota maharage kumi na tisa. Akaandika sifuri. Kisha ule wa kulia. Alimgusa kidole cha shahada kwa uzi, akangoja. Akamgusa tena. Mwalimu, macho amefumba, akasema kwa upole, "Anza tu, Daktari, niko tayari." Alikuwa ameshamgusa mara nne.

Maharage yalimponyoka yote. Moja liliviringika mpaka chini ya kabati na Itifaki akapiga magoti kulitafuta, muda mrefu kuliko harage moja linavyostahili. Alipoinuka macho yalikuwa mekundu. Akavuta fomu, akaandika alama, akaifunika kwa kiganja.

"Umeandika mbili," Mwalimu akasema.

"Umeonaje, Mwalimu?"

"Madaftari ya watoto arobaini, miaka thelathini na moja, nimesimama mbele ya dawati. Namba nazisoma kichwa chini. Mbili maana yake nini?"

"Kwamba ganzi inakusumbua kazini."

"Sina kazi. Asubuhi mjukuu wangu ndiye anayenivisha. Ananichania nywele. Kalamu nikiishika inalala. Hiyo kwenye karatasi yako ni ngapi?"

Itifaki akaondoa kiganja kwenye fomu. "Tatu," akasema. "Mwalimu, ungezivaa zote mbili siku ile..."

"Ningezivaa mbili, huenda Fundi asingeshona. Au angeshona, Profesa wenu anasema hatujui." Akautazama mkono wake wa kulia uliolala mezani kama kitu cha mtu mwingine. "Mimi sijuti, mwanangu. Lakini nilitoa bila kujua bei. Yupo atakayekalia kile kiti mwakani, na jirani yake atamtazama, na moyo wake utamtuma kutoa. Huyo aijue bei kwanza. Ukimwandikia mbili, unamdanganya."

Itifaki akaikata ile mbili kwa mstari mmoja, ili bado isomeke, akaandika tatu, akaweka saini na tarehe. Nikatia saini yangu chini ya yake, na safari hii nilisoma kwanza kila neno.

Mwalimu akainuka, akaanza kuihangaikia sweta yake kwa mkono mmoja. Itifaki akazunguka meza, akapiga goti, akamfunga vifungo kimoja kimoja kutoka chini kwenda juu, polepole, kama anavyofanya kila kitu. Alipofika shingoni kilibaki kifungo kimoja kisicho na tundu.

"Umeruka tundu la pili," Mwalimu akamwambia.

Akavifungua vyote, akaanza upya.